Ile gile inazuia masasi? Sare ya polisi kati ya kupendeza na kufaa

Asubuhi moja ya Januari teksi-basi yetu ilikwama karibu na njia panda ya Carrefour, hapa Lubumbashi, mvua ikimwagika kama mtu amepasua pipa. Katikati ya njia panda alisimama mama mmoja wa roulage, yaani polisi wa barabarani, kepi ikichuruzika maji, shati limemganda mgongoni, mikono bado inaita magari ya upande huu na kuzuia ya upande ule. Pembeni, kwenye kibaraza cha duka, walijikinga askari watatu wa kikosi kingine waliovaa magile, yaani vizibao, meusi mazito yenye mifuko tele. Ndani ya basi mjadala ukawaka, kama ilivyo desturi ya mabasi ya Lubumbashi.

"Bale ba gile, hata ukibapiga masasi inarudia," alisema kijana wa kiti cha nyuma, masasi akimaanisha risasi.

"Masasi gani? Ile ni ya kupendeza tu," akajibu mama mwenye beseni la mboga. "Na huyu wa mvua? Bangemupatia kabuti kwanza."

Mzee mmoja wa mbele akageuka nusu. "Polisi ni wa kuogopwa. Akivaa kabuti ya plastiki kama muuza mayai, nani atamuheshimu?"

Basi likasogea, mjadala ukahamia kwenye bei ya unga. Mimi nilibaki na yale maneno, kwa sababu watu wale watatu walikuwa wakibishana juu ya mambo matatu tofauti huku wakidhani ni moja. Ngoja tuyatenganishe.

Tuanze na majina. Nikisema sare, au tenue kama tunavyosema mjini, nazungumzia nguo: shati, suruali, kepi, viatu, alama za cheo. Nikisema vifaa, nazungumzia vinavyoning'inizwa au kuvaliwa juu ya nguo: mkanda, pingu, rungu, redio, chepeo (kofia ngumu), gile. Sare hujibu swali la "huyu ni nani?" Vifaa hujibu swali la "huyu anaweza kufanya nini, na nini kinaweza kumpata?" Shida huanza pale kimoja kinapotwikwa mzigo wa mwenzake: kifaa kinapovaliwa ili kujibu "ni nani", au sare inapotegemewa kulinda mwili.

Na hapa niseme mapema kwamba yule mzee hakukosea kabisa. Watu wakisikia "mwonekano" hufikiri ni urembo, kitu cha kukata bajeti ikibana. Kwa polisi, kuonekana ni kazi yenyewe. Askari akiwa katikati ya barabara na dereva asijue kama ni askari au ni mpita njia anayepunga mkono, ajali iko njiani. Mwaka 1829 London ilipoanzisha polisi wake, waliwavisha buluu kwa makusudi, maana wanajeshi wa Uingereza wakati ule walivaa nyekundu na wananchi hawakutaka jeshi liingie mitaani mwao kwa jina jingine. Rangi ilikuwa tangazo: hawa si wale. Lakini chini ya koti lile la kiungwana kulikuwa na kola ya ngozi ngumu shingoni, ili mhalifu asiweze kumnyonga askari kwa urahisi, na kofia ndefu waliyovaa ilikuwa imeimarishwa ndani. Ukimwona kwa nje ni bwana anayekwenda harusini. Kwa ndani amevaa kinga.

Kwetu Kongo historia ilikwenda kinyume. Force Publique ya Leopold wa Pili na baadaye ya Wabelgiji ilikuwa jeshi na polisi kwa pamoja. Askari wake wa mwanzo walivaa buluu na kofia ya fezi nyekundu kichwani, kisha kaki ikachukua nafasi. Hapakuwa na tangazo la "hawa si wale", kwa kuwa walikuwa wale wale. Baada ya uhuru tukapata jandarmari, yaani polisi wa kijeshi, na Polisi ya Taifa ya Kongo tunayoijua leo ikapangwa kwa sheria ya 2002, halafu ya 2011. Leo mtoto wa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, anakuambia bila kufikiri: buluu ni polisi, madoadoa ya kijani ni mwanajeshi. Tofauti hiyo ina thamani kubwa, na kila nchi inayowavisha polisi wake madoadoa inaipoteza. Tena ukifikiri kidogo utacheka: madoadoa yalibuniwa ili mtu asionekane porini. Polisi wa mjini anajificha nani, na nyuma ya mti gani? Mwaka 2018 serikali ya Kenya (nchi, si Kenya yetu ya soko, mtaa wa hapa Lubumbashi) ilipozindua sare mpya ya buluu kwa polisi wake, mitandao ilijaa vicheko juu ya rangi. Vicheko vile vilikuwa vya haki kama vicheko vya nguo yoyote mpya, ila swali la maana lilikuwa jingine: je, mtu anamtambua haraka zaidi kuliko jana?

Mwonekano una nguvu kiasi kwamba hata mashine imeuhitaji. Mnakumbuka marobota ya barabarani ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, yaliyoanza Kinshasa 2013, kisha Lubumbashi nayo ikapata yake. Kazi ya taa nyekundu na kijani ingeweza kufanywa na mlingoti wa kawaida. Wao waliliwekea robota kifua, mikono na kichwa, likageuka kama roulage anavyogeuka. Dereva wetu huutii mwili kabla ya kuitii taa.

Uzi wa fundi wa Kenya

Sasa nguo yenyewe. Katika soko la Kenya kuna fundi cherehani ninayempelekea suruali zangu, na miongoni mwa wateja wake wamo askari. Siku moja nilimuuliza kitambaa kizuri cha sare ni kipi. Hakujibu. Alichomoa uzi kwenye pindo la shati la buluu lililokuwa mezani, akawasha kiberiti. Uzi haukuwaka vizuri. Ulijikunja, ukayeyuka, ukabaki kitone kigumu cheusi kama mbegu ya papai. Akachomoa uzi mwingine kwenye shati la kaki kuukuu. Huo uliwaka kwa moto mdogo, ukanuka karatasi, ukaacha jivu lililopeperuka alipopuliza.

"Hii ya kwanza haijikunji, haipauki, unafua asubuhi, mchana umevaa," alisema. "Hii ya pili ni pamba. Inapauka, inajikunja, kila siku pasi. Njo maana bote banataka ya kwanza."

Mambo yote ya kitambaa yamo humo. Poliesta, yaani ile ya kwanza, hushika rangi, haikunjamani, hukauka haraka, kwa hiyo kwenye gwaride inapendeza. Lakini hainywi jasho, na ikikutana na moto huyeyuka na kugandia ngozi, na kumvua mtu kitu kilichogandia ngozi ni kumvua pamoja na ngozi. Katika mji ambamo vurugu zikizuka kitu cha kwanza kuonekana ni matairi yanayowaka barabarani, hilo ni jambo la kufikiriwa. Pamba hunywa jasho na haiyeyuki, ila inalowa, inakuwa nzito, inachelewa kukauka. Ndiyo sababu viwanda vingi vya sare huchanganya, mara nyingi poliesta ikizidi pamba kidogo: kila upande unatoa sadaka. Kwa vikosi vinavyokabili moto kuna vitambaa maalumu visivyoshika moto, lakini bei yake ni nyingine kabisa.

Rangi nayo huingia humu. Nyeusi huficha mafuta na vumbi la makaa, na humpa mtu sura ya ukali. Wakubwa wengi wa polisi duniani huipenda kwa hayo mawili. Ila inafyonza joto la jua. Simama dakika ishirini mchana wa Oktoba, mwezi wetu wa joto kali, ukiwa na shati jeusi kisha uniambie kama bado una subira na dereva anayekujibu vibaya. Mimi nadhani sehemu ya ukali tunaoulalamikia barabarani hutokana na joto, ingawa siwezi kuapa mahakamani.

Kung'aa na kung'aa

Gile la roulage, lile la njano inayokaribia kijani lenye mistari ya fedha, limezungukwa na uongo mmoja mkubwa: kwamba linang'aa usiku. Haling'ai. Pale pana mambo mawili yaliyoshonwa pamoja.

Rangi ya njano-kijani hufanya kazi mchana tu. Inachukua miale ya jua ambayo jicho haliioni na kuirudisha kama mwanga tunaouona, na jicho la binadamu linaipokea rangi hiyo kuliko nyingine. Saa kumi na mbili za jioni ikipita, jua limeondoka na uwezo huo wote umeondoka nalo. Linabaki kitambaa cheupe-cheupe tu. Tena jua lenyewe, pamoja na kufuliwa, huipausha rangi hiyo. Gile lililokaa miaka barabarani limekuwa na rangi ya ndizi iliyoiva sana.

Mistari ya fedha ndiyo ya usiku. Ndani yake kuna vishanga vya kioo vidogo mno, na kila kimoja kinachukua mwanga na kuurudisha kule kule ulikotoka. Jaribu nyumbani: zima taa, washa tochi ya simu, iweke shavuni karibu na jicho, mulika mstari ulio upande wa pili wa chumba. Utalipuka kama umeme. Sasa nyoosha mkono, peleka simu mbali na uso wako huku ukimulika mstari ule ule. Utazimika. Haukuzimika, unaurudishia mkono wako mwanga badala ya jicho lako. Dereva anaona mistari kwa sababu macho yake yako karibu na taa za gari lake. Mtembea kwa miguu aliye kando haoni kitu, na dereva wa pikipiki asiye na taa, ambao tunao wengi, haoni kitu pia.

Halafu kuna vumbi letu jekundu. Vishanga vikifunikwa na vumbi au matope vinakuwa vipofu. Gari la kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo mstari mchafu unaoonekana sekunde mbili baadaye umemnyima dereva zaidi ya mita 30 za kufunga breki. Kwa malori yanayoelekea mpakani Kasumbalesa yakiwa yamejaa, hizo ndizo mita zenyewe. Kufuta gile kwa kitambaa chenye maji kabla ya zamu ya usiku hakuhitaji bajeti ya serikali.

Na hapa ndipo ninapogombana na mzee wetu wa basi. Kabuti ya mvua yenye rangi kali na mistari safi ingemfanya mama yule wa Carrefour aonekane zaidi, katika saa ile ile ambayo mvua imewafunika madereva macho. Shati la buluu lililolowa linakaribia kuwa jeusi. Heshima gani hiyo ya mtu asiyeonekana?

Gile la masasi

Tufike kwenye ugomvi wa kijana na mama wa mboga. Magile ya kuzuia risasi yako ya aina mbili, na nje yanaweza kufanana kama mapacha.

Aina ya kwanza ni laini. Ndani yake kuna matabaka mengi ya kitambaa cha nyuzi ngumu sana. Maarufu kati yake ni Kevlar, iliyogunduliwa 1965 na mkemia Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont ya Marekani. Fikiria wavu wa goli pale uwanja wa Mazembe, Kamalondo. Mpira ukipigwa kwa nguvu zote, wavu unajivuta, unasambaza nguvu ile kwenye kamba nyingi, mpira unasimama. Risasi ya bastola ni fupi na butu, inajibonyeza ikigonga, kwa hiyo nyuzi zinaishika kama wavu ulivyoshika mpira.

Sasa tupa msumari kwenye wavu ule ule. Risasi ya bunduki ya AK ina ncha, mara nyingi ina kiini cha chuma, na inasafiri kwa takriban mita 700 kwa sekunde, karibu mara mbili ya risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9. Nguvu inayobeba ni kama mara nne. Gile laini haliwezi kuisimamisha. Katika nchi ambayo silaha inayotajwa katika habari karibu kila mara ni AK, gile laini peke yake ni jibu la swali ambalo jambazi hajauliza.

Aina ya pili ndiyo ya AK: mfuko wa kitambaa ambao mbele na nyuma huchomekwa sahani ngumu, za seramiki au chuma. Sahani moja huwa na kilo mbili tatu hivi, na gile zima likikamilika laweza kukaribia kilo 10. Mama zetu wanalielewa hilo vizuri: ni bidoni ya litri 10 iliyofungwa kifuani kutwa nzima, tena bila ruhusa ya kuitua. Nalo linalinda pale tu penye sahani, yaani kifua na mgongo. Ubavu, bega na tumbo la chini vimebaki na Mungu wao.

Ndipo tunafika kwenye jambo ambalo hata baadhi ya wanaoyavaa hawajaelezwa. Ule mfuko wa nje, wenye vishikizo na mifuko ya redio, ukiwa hauna sahani ndani ni nguo tu, sawa na koti la mvuvi. Kwa mbali huwezi kujua. Aliyeuvaa akishika kifua atajua mara moja, kwa sababu sahani ni ngumu kama mlango. Kwa hiyo kijana na mama walikuwa wakibishania kitu ambacho hakuna aliyeweza kukiona dirishani. Na mfuko mtupu una hatari yake: anayeuvaa anasahau kwamba ni mtupu, anasogea pale ambapo mwenye shati angejificha.

Gile laini lina masharti mengine machache. Halipendi maji, kwa kuwa nyuzi zikilowa uwezo wake hupungua, ndiyo sababu huwekwa ndani ya ganda lisilopitisha maji. Ganda likichanika, gile limeugua. Haliloweki kwenye beseni la sabuni, kinachofuliwa ni kifuniko cha nje tu. Viwanda vingi hutoa dhamana ya miaka mitano hivi, na tarehe imeandikwa kwenye lebo ya ndani. Na gile lililotengenezwa kwa risasi haliahidi kuzuia kisu, kwani kisu hukata na kupenya kati ya nyuzi. Hilo huhitaji ufumaji mwingine.

Mkanda, shingo na goti

Vitu vidogo nitavipita upesi. Mkanda uliobeba pingu, redio, rungu na silaha hukaa juu ya nyonga siku nzima, na maumivu ya kiuno ni wimbo wa polisi wa nchi nyingi; baadhi wamehamishia mizigo hiyo kwenye gile ili mabega yasaidie. Lawama ikaja mara moja: sasa wanafanana na wanajeshi. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Huko Menlo Park, California, mwaka 1969 walijaribu njia ya kinyume kabisa: wakawavua polisi sare, wakawavisha koti la kijani, shati jeupe na tai kama makarani, silaha imefichwa ndani. Baada ya miaka kama minane wakarudia sare ya kawaida. Upole wa nguo haukugeuka kuwa upole wa mtaa.

Tai, tukiitaja: tai nyingi za polisi hazifungwi, zinabanwa kwa klipu. Mtu akiivuta inabaki mkononi mwake na askari anabaki na shingo yake. Ni ile kola ya ngozi ya 1829, imezeeka ikawa nyepesi. Namba na jina kifuani ni kitu kidogo kuliko vyote, na kwa mwananchi aliyesimamishwa usiku mahali pasipo na taa, mimi naviweka mbele ya gile na chepeo kwa pamoja. Sare yenyewe inaweza kuazimwa au kuibwa. Namba inaulizika kesho yake ofisini.

Nilirudi kwa fundi wiki iliyopita kuchukua suruali yangu. Nilimkuta askari kijana amesimama mbele ya kioo kilichovunjika pembe, suruali ya sare imebanwa miguuni kama za wanamuziki, naye anajigeuza huku na huku akiridhika. Akatoa franga mfukoni.

"Ngoja, shefu," fundi akamwambia. "Chuchumaa kwanza."

Kijana akacheka, akashika mkanda, akateremka polepole. Katikati ya safari tulisikia wote watatu mlio wa uzi. Fundi alikuwa ameshanyoosha mkono kuipokea suruali. Pindo la akiba la vidole viwili alikuwa ameliacha ndani.